Nusu Yako, Nusu Yangu

Kama uliwahi kupeleka shati kwa wale madobi wawili wa nyuma ya soko, basi unamjua Kanji, na kama unamjua Kanji, bila shaka alishawahi kukugombeza. Mama yule alikuwa na mdomo! Ukileta suruali yenye kalamu mfukoni, utaambiwa. Ukija kudai nguo kabla ya wakati wake, utaambiwa, tena mbele za watu. "Unadhani pasi ni uchawi? Nenda, urudi jioni!" Jina la Kanji alibandikwa na wateja, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutia nguo kanji na kuzipiga pasi mpaka kola isimame yenyewe, na kwa sababu yeye mwenyewe alisimama hivyo hivyo, shingo wima, uso hauchekicheki ovyo.

Pacha wake walimwita Povu. Huyu ndiye aliyefua. Mikono yake ilishinda kwenye beseni na mdomo wake ulishinda ukicheka, na kicheko chenyewe kilisikika mpaka kwa wauza viatu. Sura ni moja, sauti ni moja, mwendo mmoja, ila mtu yeyote mwenye akili zake aliwatofautisha kwa kungoja kidogo tu: anayecheka ni Povu, anayekukaripia ni Kanji.

Kanji alitangulia kuzaliwa kwa muda ambao mkunga hakuwahi hata kunawa mikono, lakini ukubwa wake aliudai kama deni. Kila asubuhi, wakishafungua duka, Povu alipiga goti la mzaha sakafuni. "Shikamoo dada yangu, mzee wetu."

"Marahaba. Umechelewa."

Jamani, amechelewa vipi? Wametoka nyumba moja, wamepita mlango mmoja, wameongozana njia nzima! Lakini ndivyo walivyokuwa, na hakuna aliyetaka wawe vingine.

Sasa nikueleze jambo lao moja, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Mama yao aliwazaa wakati wa shida, na kila kilichoingia nyumbani alikikata katikati. Kipande cha mkate, nusu yako, nusu yangu. Kipande cha sabuni hivyo hivyo. Hata dawa. Mmoja akiumwa, akapelekwa zahanati akapewa vidonge, mwingine aliyebaki nyumbani mzima wa afya alifunguliwa mdomo naye akapewa sehemu yake. "Mmetoka tumbo moja," mama alisema, "ugonjwa utajuaje yupi ni yupi?" Na watoto wakakua, wakaota mvi, mama akaenda zake, na neno lake likabaki palepale. Povu aliolewa, akaachika, akabaki na binti mmoja ambaye sasa anafundisha watoto wadogo na mtaa mzima unamwita Mwalimu. Kanji aliolewa, hakujaliwa mtoto, mume akafa. Mapacha wakarudi kuishi chumba kimoja, vitanda viwili, dirisha moja, na wakaendelea kukata kila kitu katikati.

Ni baada ya msiba wa mumewe ndipo Kanji alipoanza kukosa usingizi. Akilala moyo unaenda mbio, akiamka jasho linamtoka. Daktari akamwandikia vidonge vidogo vyeupe vya kumtuliza na kumpa usingizi, akamwonya asizidishe. Kanji hakuzidisha. Tena alipunguza, kwa jinsi alivyoona yeye: alichukua kile kimkasi cha kukatia nyuzi za vifungo, akakipasua kidonge, nusu akameza, nusu akampa Povu. Povu hakuwa na tatizo lolote la usingizi. Yule angelala hata juu ya kamba ya kuanikia. Lakini alipokea na kumeza, akasema "asante dada", na mambo yakaenda hivyo hadi wote wawili wakasahau kwamba ile nayo ni dawa.

Halafu Povu akaanguka. Sakafu ya kufulia ilikuwa na sabuni, yeye amebeba beseni la mashuka ya nyumba ya wageni, anageuka kumjibu mteja utani, mguu ukateleza. Ubavu wake ukafikia ukingo wa karo. Kanji alimsikia akicheka pale chini, akaja na maneno yake tayari mdomoni, kisha akaona kwamba kile si kicheko.

Hospitali picha ikaonyesha mbavu zimepata ufa. Hakuna cha kufunga wala kukata, daktari akasema, ni kupumzika na kuvumilia, na kwa maumivu atampa dawa yenye nguvu. Alikuwa daktari kijana, mwenye adabu, na aliuliza alichopaswa kuuliza.

"Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia, mama?"

"Sina, daktari," Povu akajibu, ameshika ubavu. "Mimi ni mzima kabisa. Mgonjwa ni sakafu yetu."

Kanji alikuwa ameketi pembeni yake, goti kwa goti. Akatikisa kichwa kukubali. Na usiwaite waongo, tafadhali. Kwao wao vile vidonge vyeupe vilikuwa vya Kanji. Vimeandikwa jina la Kanji, vinakaa upande wa Kanji wa dirisha. Povu kuonjeshwa nusu hakukumfanya awe mtu anayetumia dawa, kama ambavyo kumega mkate wa dada yako hakukufanyi uwe na mkate.

Kwenye dirisha la dawa, mfamasia, dada mmoja mpole mwenye miwani, akawaeleza tena. "Hii ni dawa kali. Kunywa kwa kipimo hiki tu, usiwahishe. Usichanganye na pombe, wala dawa za usingizi, wala dawa yoyote ya kutuliza. Hata ya mafua, niulize kwanza. Zikikutana mwilini zinaweza kukukata pumzi ukiwa umelala. Tumeelewana?"

"Pombe?" Povu akasema. "Mimi hata siki inanilewesha!" Foleni nzima ikacheka.

"Acha masihara, msikilize dada wa watu," Kanji akamkemea, na yeye mwenyewe akasikiliza kwa makini mpaka mwisho. Ungemsimamisha barazani pale nje ungesikia anayarudia yote bila kukosea. Aliyasikia kama maneno yanayowahusu watu fulani, walevi labda, watu wasiojitunza, si wao.

Siku zilizofuata Povu alikaa nyumbani, Kanji akafua na kupiga pasi peke yake, mgongo ukamuuma, na wala hakulalamika. Aliporudi alimkuta mwenzake amelegea, maneno yanamtoka polepole, anapepesuka akienda uani. "Nimelewa bila kunywa," Povu alisema, akacheka kwa upande mmoja wa kifua. Kanji akafurahi. Alisema moyoni, dawa inafanya kazi, mwache apumzike, maisha yake yote hajapumzika. Na wakati wa kulala ukifika, nusu yako, nusu yangu.

Ilikuwa Jumapili, duka limefungwa, wamekwisha kula mchana. Povu alikohoa. Kikohozi kidogo tu, lakini ubavu ulimshika mpaka akauma shuka. Alikwishakunywa dawa yake ya maumivu asubuhi, sasa akanywa nyingine kabla ya wakati wake. Maumivu hayakuondoka upesi kama alivyotaka. Alijilaza, akaketi, akajilaza tena, machozi yanamtiririka kimyakimya, na Kanji hajawahi kumwona Povu akilia kimya. Povu akilia husikika.

"Dada, nitafanyaje mimi?"

Kanji angempa nini? Angempa mbavu zake kama zinatoka. Akafika dirishani, akatoa kidonge cheupe, akashika kimkasi. Kisha akakiweka kimkasi chini.

"Leo kunywa chote," akasema. "Mimi nitavumilia."

Povu akamtazama, akatabasamu na macho yake yamejaa maji. "Hee! Leo nimependwa."

"Kunywa, acha maneno."

Akanywa. Kanji akavuta kiti, akachukua shati la mteja lililodondoka kifungo, akakaa pale anashona. Baada ya muda Povu akalala. Akaanza kukoroma, mkoromo mzito wa kukatakata ambao haukuwa wake, na Kanji akatabasamu peke yake kwa sababu kwa siku nyingi mwenzake hakulala vile. Halafu mkoromo ukanyamaza. Na hapo, ee Mola, hapo ndipo Kanji alipofurahi zaidi. Alisema, alhamdulillahi, maumivu yamemwachia. Alikata uzi kwa meno, akainuka kwa kunyata ili asimwamshe, akatoka uani kuanua nguo zao. Alizikunja moja moja, bila haraka, jua zuri, akasalimiana na jirani yao fundi bomba aliyekuwa anaosha gari lake, wakaongea habari za maji kukatika. Aliporudi ndani na nguo kifuani, midomo ya Povu ilikuwa imebadilika rangi.

Hizo nguo alizitupa wapi hajui mpaka leo. Fundi bomba ndiye aliyevunja ubao wa pili wa mlango wa chumba ili wapite na godoro, ndiye aliyeendesha, taa zimewaka mchana kweupe, na Kanji nyuma amempakata ndugu yake, anampiga makofi mashavuni, anamwita kwa matusi yote anayoyajua. "Amka wewe mpumbavu! Amka nakwambia! Nani amekuruhusu?" Kifua cha Povu kilipanda mara moja, kikakaa, kikakaa, ukadhani basi, kisha kikapanda tena.

Chumba cha dharura wakampokea mbio. "Amekunywa nini?" wakamuuliza Kanji.

"Dawa zenu. Za mbavu. Mlimpa wenyewe."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine."

Wakamwambia alete pakiti. Akarudi na fundi bomba nyumbani, akafika dirishani, akachukua pakiti ya Povu. Ile ya kwake ilikuwa pale pale karibu, wazi, kimkasi juu yake. Aliiona. Aliitazama kabisa, akaiacha, kwa sababu wameomba dawa za mgonjwa na yeye si mgonjwa. Ameshanieleza hilo mara nyingi, na kila akifika hapo hujipiga paja na kuniuliza, "Nilikuwa na akili gani?"

Daktari akahesabu vilivyobaki, akakunja uso. "Hivi peke yake sidhani kama vingemfikisha alipo. Mama, nisikilize. Sikutafutii kosa. Ameonja kitu kingine chochote? Chochote kile, hata cha mtu mwingine?"

Ni lile neno la mwisho lililomfungua. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Changu," Kanji akasema. "Nilimpa changu. Cha usingizi. Huwa tunagawana, ila leo nilimpa chote."

Daktari hakumgombeza. Aligeuka akaingia ndani anakimbia, na Kanji akabaki amesimama katikati ya korido, watu wanampita huku na huku, anahisi kama amevuliwa nguo.

Walimrudisha. Pumzi ilirudi, kwanza ya mashine, baadaye yake mwenyewe. Ila Povu hakurudi nayo. Alifumbua macho na macho yakawa yanaangalia dari. Ukimshika mkono, mkono umelegea. Ukimwita, kimya. Daktari mkubwa wa wodi akaeleza kwamba zile dawa mbili, kila moja inapunguza kasi ya ubongo na pumzi, na zilipokutana zikasaidiana. Mbavu zenyewe zilikuwa zimeshamfanya apumue kidogokidogo. Ubongo ukakosa hewa. Huenda akarudi kiasi. Huenda asirudi.

"Ningesema mapema, nilipofika tu," Kanji akauliza, "angekuwa mzima?"

"Sijui, mama. Ukweli ni kwamba sijui. Inawezekana alikuwa ameshakosa hewa muda mrefu kabla hamjafika. Na inawezekana ingesaidia. Labda."

Bora angempa jibu moja! Angemwambia ndiyo, wewe ndiye uliyemharibu mdogo wako, angejua pa kuanzia kulia. Angemwambia hapana, angepata hata pumzi. Amepewa labda, na hiyo labda analala nayo na kuamka nayo. Muuguzi naye akamwambia asiache vidonge vyake ghafla, kwamba navyo kuviacha hivihivi kuna hatari yake, arudi kwa daktari aliyemwandikia ampunguzie taratibu. Kanji aliitikia tu. Alikuwa ameshavimwaga chooni siku ileile, na mwili wake ukatetemeka siku kadhaa, akaona ni haki yake.

Mwalimu alikuja kutoka kazini na chaki bado mikononi. Aliambiwa yote na madaktari, kisha akamfuata Kanji kwenye benchi la korido.

"Mama mkubwa, ni kweli?"

"Ni kweli mwanangu."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Alikuwa anaumia. Nilimwonea huruma."

Mwalimu akaketi. Akajifuta chaki kwenye sketi. "Najua unampenda," akasema. "Ungekuwa unamchukia ingekuwa rahisi. Ningekufukuza hapa, nikapumua."

Kanji angependa atukanwe. Alijiandaa kutukanwa, akafunga macho kabisa. Hakutukanwa.

Dukani alijaribu kurudi. Mteja akamletea suruali yenye kalamu mfukoni, Kanji akaipokea bila neno, akailoweka pamoja na nguo nyingine, wino ukatapakaa beseni zima. Mteja alikuja kwa hasira, akamwangalia usoni, akaondoka na suruali yake yenye madoa bila kudai chochote. Mashuka ya nyumba ya wageni yalimshinda, maana shuka kubwa ni la kukunjwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule. Akayarudisha hayajakunjwa. Wauza viatu wakaanza kusema Kanji amekwisha, na walisema kweli. Akafunga mlango, akahamia wodini.

Kila siku alikaa pale kando ya kitanda kuanzia wageni wanaporuhusiwa hadi wanapofukuzwa. Hakuwa anaomba mengi. Mtu huomba Mungu ndugu yake apone; Kanji alishaona kwamba hana uso wa kuomba hilo. Aliomba Povu amtambue tu. Aseme neno moja, hata la kumlaani, ili ajue kwamba yumo humo ndani. Alimsimulia habari za mtaa, uongo na kweli. Alimwamkia yeye, mkubwa anamwamkia mdogo, aone kama atacheka. Macho ya Povu yalibaki darini.

Na kila siku Mwalimu akitoka kwenda kula au kuonana na madaktari, alisimama mlangoni na kusema maneno yaleyale, kwa sauti ya chini, wala si kwa ubaya. "Mama mkubwa, usimpe kitu chochote. Hata maji. Koo lake bado halijakaa sawa, yanaweza kuingia kifuani. Ningoje mimi au nesi."

"Sitampa."

"Niahidi."

"Nimekuahidi, mwanangu."

Siku moja Mwalimu alikuwa ameitwa ofisini kwa daktari. Wauguzi walikuwa chumba cha mwisho cha korido, wamezungukia mgonjwa aliyezidiwa, mlango umefungwa. Kanji alikuwa anampaka Povu mafuta mikononi, ile mikono iliyochunwa na sabuni, kidole kimoja baada ya kingine. Akahisi kidole kinabana. Akainua uso. Macho ya Povu yalikuwa yameshuka kutoka darini, yanamtazama yeye.

"Dada," Povu akasema.

Sauti ilikuwa imepasuka, lakini ilikuwa yake.

"Dada. Maji."

Kikombe cha maji kilikuwa mezani, kimefunikwa, mkono ungekifikia bila hata kuinuka. Mkono wa Kanji ulikwenda. Ulikifikia, vidole vikazunguka kishikio chake. Alikumbuka macho ya Povu yamejaa maji siku ile, akitabasamu, akipokea. Akakiachia kikombe.

"Subiri kidogo. Subiri mwanao anakuja."

"Dada."

"Naita watu. Usilale. Nakwenda kuita watu."

Akatoka koridoni mbio za kizee, kandambili moja imemtoka, anaita "Mwalimu! Nesi! Jamani, mtu yeyote!" na korido ndefu, milango imefungwa, hakuna anayeitika. Nyuma yake, ndani, aliisikia ile sauti ikimwita tena, na tena, kama mtoto asiyeelewa kwa nini ananyimwa. Kanji akarudi hadi mlangoni, akashika fremu kwa mikono miwili. Povu alikuwa amegeuza kichwa kumtazama, midomo imekauka, anangoja.

"Siwezi," Kanji akamwambia. "Mdogo wangu, mimi siwezi kukupa."

Akabaki amesimama pale pale mlangoni, akimwangalia, mpaka watu wengine walipokuja.